Marekani: Namna gani vyama vinachagua wagombea wao, na juu ya nini hiyo inagusa watu wa Kivu

Kwenye mashimo ya madini ya Walikale, Kalehe na Masisi, watu wazima bado wanakumbuka «sheria ya Obama». Sheria ile iliwekewa sahihi mjini Washington tarehe 21 mwezi wa 7, 2010. Ilikuwa sheria nene sana juu ya mabenki ya Marekani, lakini ndani yake kulikuwa kipande kimoja, namba 1502, kilichosema juu ya Kongo. Kipande hicho kililazimisha sosiete kubwa zinazouza hisa Marekani kueleza kama kasiterite, koltani, wolframite na dhahabu wanayotumia inatoka Kongo ao kwa majirani zake, na kama biashara hiyo inalisha makundi yenye silaha.

Kisha miezi miwili tu, mwezi wa 9, 2010, Rais Joseph Kabila alifunga uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Kazi ilifunguliwa tena mwezi wa 3, 2011, lakini wanunuzi wengi wa ngambo walikuwa wamekwisha kukimbia. Kuko waliosema sheria ilisaidia kusafisha biashara ya madini. Kuko wengine waliosema iliwanyanganya wachimbaji wadogo mkate wao. Mabishano hayo hayajaisha hata leo.

Lakini jina lile, «sheria ya Obama», linaficha jambo. Obama aliweka sahihi tu. Waliopigania kipande 1502 ni watu wa bunge la Marekani, linaloitwa Congress: seneta Sam Brownback wa Kansas, seneta Russ Feingold wa Wisconsin, seneta Dick Durbin wa Illinois, na mbunge Jim McDermott wa Washington. Wa kwanza alikuwa wa chama cha Republican, hao wengine watatu wa chama cha Democratic. Hakuna hata mmoja aliyechaguliwa na mtu wa Nyabibwe ao wa Rubaya. Walichaguliwa na watu wa kwao, na mbele ya kufika kwenye uchaguzi mkubwa, kila mmoja alipaswa kupita kwenye mlango mdogo ambao huku kwetu hausikiki sana: uchaguzi wa mchujo.

Mwenye kutaka kujua nani anaamua mambo Marekani, asiangalie tu ile siku moja ya mwezi wa 11 ambayo radio zote za dunia zinatangaza. Aangalie pia mchujo. Mara nyingi mambo yanakuwa yamekwisha huko.

Vyama viwili, na hakuna anayeuza kadi

Katiba ya Marekani haisemi neno hata moja juu ya vyama vya siasa. Rais wa kwanza, George Washington, alipoaga wananchi mwaka 1796, aliwaonya wajihadhari na roho ya vyama. Hawakumsikia. Chama cha Democratic, ambacho alama yake ni punda, kinahesabu mizizi yake kutoka wakati wa Andrew Jackson, aliyechaguliwa rais mwaka 1828. Chama cha Republican, chenye alama ya tembo, kilizaliwa mwaka 1854 kwa kupinga utumwa usienee katika maeneo mapya ya magharibi.

Juu ya nini viwili tu, wakati Kongo ina vyama mamia kwa mamia? Vyama vingine viko, lakini namna ya kuhesabu kura inavimeza. Kila eneo la uchaguzi linatoa mbunge mmoja tu. Mwenye kura nyingi anachukua kiti, na wengine wote wanarudi nyumbani mikono mitupu, hata kama walipata kura 30 kwa 100. Kwa urais ni vile vile: karibu kila jimbo linampa mshindi wajumbe wake wote wa kumchagua rais. Mwaka 1992 tajiri Ross Perot alisimama peke yake bila chama kikubwa. Alipata kura 19 kwa 100 katika nchi nzima, lakini hakupata hata mjumbe mmoja kati ya 538. Kutoka hapo kila mwenye akili anaona kwamba ni afadhali kuingia katika kimoja cha vyama viwili na kupigania nafasi humo ndani.

Na kuingia ni rahisi kuliko mtu anavyowaza. Mwananchi wa kawaida hanunui kadi ya chama, hapewi ruhusa na rais wa chama. Katika majimbo kama 30, mtu anapojiandikisha kwa kupiga kura anaandika tu kwenye formu: mimi ni wa Democratic, ao wa Republican, ao sina chama. Daftari hiyo inawekwa na serikali ya jimbo, si na chama. Katika majimbo mengine, kama Texas, hakuna hata kuandika chama.

Ni hapa tofauti kubwa na Kongo inapoonekana. Kongo, anayetaka kuwa mbunge anapeleka faili yake CENI kupitia chama, muungano wa vyama, ao peke yake kama mgombea huru. Nani atawekwa kwenye orodha ya chama, hiyo ni kazi ya wakubwa wa chama. Marekani, wakubwa wa chama wanaweza kusema wanamtaka fulani, wanaweza kumsaidia kwa feza, lakini hawana uwezo wa kumwandika peke yao. Wapiga kura ndio wanachagua nani atabeba jina la chama. Ule uchaguzi ndio mchujo. Na jambo linaloshangaza zaidi: kwa kawaida ni serikali ya jimbo inayouandaa, kwa feza ya kodi, kwa biro na karatasi zile zile za uchaguzi mkubwa.

Mtu wa tatu anayepita katikati

Mfano mzuri ni huyo Russ Feingold, ambaye baadaye, mwaka 2013, alitumwa na serikali ya Marekani kuwa mjumbe maalum wa Maziwa Makubwa, na ambaye sura yake ilijulikana Goma na Kinshasa.

Mwaka 1992 Feingold alikuwa seneta mdogo wa jimbo la Wisconsin tu, si wa taifa. Alitaka kwenda Washington. Katika mchujo wa chama chake alikuta mbele yake watu wawili wenye nguvu kuliko yeye: mbunge wa taifa Jim Moody, na mfanyabiashara Joe Checota. Wote wawili walikuwa na feza za kutangaza kwenye televisheni. Yeye hakuwa nazo. Aliandika ahadi zake kwenye mlango wa garaji ya nyumba yake, katika mji wa Middleton, kusudi kila mpita njia azisome.

Hao wawili wakubwa wakaanza kupigana. Huyu anatangaza ubaya wa yule, yule anajibu. Wapiga kura wakachoka. Siku ya mchujo, mwezi wa 9, mtu wa tatu akapita katikati yao na kura karibu 70 kwa 100. Mwezi wa 11 akamshinda seneta wa Republican aliyekuwa kwenye kiti. Alikaa Seneti miaka 18, mpaka mwanzo wa 2011, na katika mwaka wake wa mwisho wa kazi kipande 1502 kikapita.

Kama Moody ao Checota angeshinda mchujo ule, kiti kile kingekaliwa na mtu mwingine, mwenye mambo mengine kichwani. Hakuna anayeweza kusema sheria ingekuwa namna gani. Lakini ni hivi mchujo wa watu wa Wisconsin, wafugaji wa ngombe na watengenezaji wa jibini, unaweza kufika mpaka kwenye mzani wa koltani.

Zamani wakubwa walichagua kwa siri

Mchujo haukuanguka kutoka mbinguni. Katika miaka 100 ya kwanza ya nchi, wagombea walichaguliwa na wabunge wenyewe, kisha na mikutano mikubwa ya vyama. Katika miji mingi, mkubwa mmoja wa chama alishika kila kitu: yeye ndiye anagawanya kazi za serikali, yeye ndiye anasema nani atasimama. Watu walipiga kura, ndiyo, lakini kwa majina yaliyokwisha kupikwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 gavana wa Wisconsin, Robert La Follette, alisema hiyo imetosha. Jimbo lake lilitunga sheria ya mchujo mwaka 1903, wananchi wakaikubali kwa kura mwaka 1904, na ikatumika mara ya kwanza mwaka 1906. Majimbo mengine yakaiga haraka kwa viti vya wabunge na magavana.

Kwa urais ilichukua muda mrefu. Mwaka 1912 Theodore Roosevelt alishinda sehemu kubwa ya michujo ya Republican, lakini wakubwa wa chama wakampa nafasi William Taft. Roosevelt akakasirika, akasimama na chama chake kipya, kura za Republican zikagawanyika, na Woodrow Wilson wa Democratic akapita.

Mapigano makali yalikuja mwaka 1968. Marekani ilikuwa katika vita ya Vietnam, vijana walikuwa wakikataa kwenda kufa. Seneta Robert Kennedy, aliyekuwa akishinda michujo, aliuawa kwa risasi mwezi wa 6. Mwezi wa 8, katika mkutano mkuu wa Democratic mjini Chicago, wajumbe walimchagua Hubert Humphrey, mtu ambaye hakusimama katika mchujo hata mmoja. Huko nje polisi walikuwa wanapiga waandamanaji, na televisheni zinaonyesha. Humphrey alianguka mbele ya Richard Nixon. Kisha aibu hiyo, chama kiliweka tume iliyobadilisha kanuni zote. Kuanzia 1972, wajumbe wengi wanapatikana kwa kura za watu, na Republican wakafuata njia ile ile.

Mlango uliofungwa kwa watu weusi

Kuko historia nyingine inayoonyesha nguvu ya mchujo kuliko zote. Katika majimbo ya kusini, kama Texas, Georgia na Mississippi, chama cha Democratic kilitawala peke yake miaka mingi. Aliyeshinda mchujo wa Democratic alikuwa amekwisha kushinda. Uchaguzi wa mwezi wa 11 ulikuwa desturi tu.

Basi wazungu waliotaka kuwazuia watu weusi hawakuhitaji kuwafukuza siku ya uchaguzi mkubwa. Waliwafungia mchujo. Walisema: chama ni sawa vile klabu ya watu binafsi, na klabu inachagua nani aingie. Mtu mweusi angeweza kupiga kura mwezi wa 11, lakini jina lililokuwa kwenye karatasi lilikwisha kuchaguliwa na wazungu peke yao.

Mwaka 1940 mganga wa meno mmoja mweusi wa Houston, Lonnie Smith, alikataliwa kupiga kura katika mchujo. Alishtaki. Avoka wake alikuwa Thurgood Marshall, ambaye baadaye alikuja kuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama Kuu ya nchi. Mwezi wa 4, 1944, Mahakama hiyo ilikata kesi: mchujo si mambo ya klabu, ni sehemu ya uchaguzi wa nchi, na kumfungia mtu kwa sababu ya rangi ni kuvunja Katiba. Vizuizi vingine vilibaki, kama mitihani ya kusoma na kodi ya kupiga kura. Ilichukua tena miaka 21, mpaka sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965, kusudi mtu mweusi wa kusini apige kura bila kuzungushwa.

Nani ana ruhusa ya kuingia?

Marekani haina CENI moja ya nchi nzima. Majimbo 50 yanatunga kila moja sheria zake, na ndiyo sababu mtu anayehama kutoka jimbo moja kwenda lingine anaweza kupotea. Kwa kufupisha, kuko aina tatu kubwa.

Kuna mchujo uliofungwa. Aliyejiandikisha Democratic anapiga kura katika mchujo wa Democratic tu, wa Republican kwa Republican, na asiye na chama anabaki nje. Hivi ndivyo New York, Florida, Pennsylvania na Kentucky zinavyofanya.

Kuna mchujo uliofunguliwa. Siku ile ile ya kura, mtu anachagua karatasi ya chama kimoja, kila mtu ampendaye, ila hawezi kuchukua zote mbili. Texas, Georgia, Michigan na Wisconsin ni za aina hii. Kati ya hizi mbili kuko majimbo kama North Carolina na Colorado, ambako asiye na chama anaruhusiwa kuchagua upande mmoja, lakini mwenye chama anabaki kwa chama chake.

Na kuna mchujo wa wote pamoja. California na Washington zinaweka wagombea wote wa vyama vyote kwenye karatasi moja, na wawili wa kwanza ndio wanaenda mwezi wa 11, hata kama wote ni wa chama kimoja. Alaska inapitisha wanne.

Majimbo mengine, kama Texas na Georgia, yanadai mgombea apite nusu ya kura. Kama hakuna aliyepita, wawili wa kwanza wanarudia. Mengine yanampa yule wa mbele hata kama ana kura 25 kwa 100.

Kwa urais: kura zinakuwa wajumbe

Mchujo wa rais una hesabu yake. Mpiga kura anaweka jina la mgombea, lakini kura yake inageuka kuwa wajumbe wanaoenda kwenye mkutano mkuu wa chama. Mwaka 2024 Republican walikuwa na wajumbe 2.429, na mgombea alihitaji 1.215 kwa kushinda. Kwa Democratic, wajumbe wanagawanywa kufuatana na kura, kama mgombea amefikisha walau 15 kwa 100. Kwa Republican, majimbo mengi yanampa wa kwanza wote ao karibu wote.

Tena hawapigi siku moja. Inaanza mwezi wa 1 ao wa 2 katika majimbo madogo, Iowa na New Hampshire, kisha inapanda mpaka ile Jumanne kubwa ya mwezi wa 3 ambapo majimbo mengi yanapiga pamoja. Mgombea anayeanguka kwenye majimbo ya kwanza anakauka feza na kurudi nyumbani, mbele hata majimbo makubwa hayajapiga. Iowa ilizoea kufanya kwa njia ya mikutano ya kartiye: watu wanakutana jioni shuleni ao kanisani, wanazungumza, kisha wanahesabiana. Mwaka 2020 programu ya telefone ya kutuma matokeo ya Democratic ilikwama, nchi ikangoja siku nyingi. Kisha hapo Democratic wakaondoa Iowa kwenye nafasi ya kwanza na kutanguliza South Carolina mwaka 2024.

Kwa sababu mlango uko wazi namna hii, wakubwa wanaweza kushtuka. Mwaka 2016 viongozi wengi wa Republican hawakumtaka Donald Trump, ambaye hakuwahi kushika kiti chochote cha serikali. Wapiga kura wa mchujo walimtaka, na wakubwa wakapaswa kumfuata. Mwaka ule ule Bernie Sanders, seneta ambaye kwa miaka mingi alichaguliwa bila chama, aliingia katika mchujo wa Democratic na kumtoa jasho Hillary Clinton.

Lakini chama hakijapoteza neno lote. Tarehe 21 mwezi wa 7, 2024, Rais Joe Biden, aliyekuwa amekwisha kushinda michujo, alijiondoa. Hakukuwa tena wakati wa kurudia. Wajumbe walipiga kura kati yao, na makamu wake Kamala Harris akapewa nafasi. Wengi walinungunika kwamba hakuna mpiga kura aliyemchagua kwa urais katika mchujo. Kwa kanuni ya chama ilikuwa sawa, kwa kuwa kura za watu zinawachagua wajumbe, na wajumbe ndio wanasema neno la mwisho.

Wachache wanaamua kwa wengi

Uzuri wa mchujo una upande wake wa pili. Mlango uko wazi, lakini wachache wanaingia. Katika michujo ya wabunge ambayo haiendi pamoja na ya urais, mara nyingi ni mtu mmoja hivi kati ya watano wenye haki ndiye anayetokea.

Na viti vingi kati ya 435 vya wabunge viko katika maeneo ambako chama kimoja kina nguvu sana. Sababu moja ni kwamba watu wa mawazo sawa wanaikaa pamoja. Sababu nyingine ni mipaka: kila miaka 10, kisha hesabu ya watu, maeneo yanachorwa upya, na katika majimbo mengi wanaochora ni wanasiasa wenyewe. Wanachora kusudi chama chao kisianguke. Katika maeneo hayo, sawa vile Texas ya zamani, mshindi wa mchujo amekwisha kushinda.

Joe Crowley wa New York alikuwa bungeni tangu 1999, mmoja wa viongozi wakubwa wa Democratic. Mwezi wa 6, 2018, msichana wa miaka 28 aliyefanya kazi ya kuhudumia baa, Alexandria Ocasio-Cortez, alimwangusha. Waliopiga kura hawakufika elfu 30, katika eneo lenye watu karibu elfu 700. Upande wa Republican, Eric Cantor wa Virginia alikuwa wa pili kwa nguvu katika baraza la wabunge. Mwezi wa 6, 2014, profesa mmoja wa uchumi, Dave Brat, alimtosha kwenye kiti kwa kura elfu 36 juu ya elfu 29.

Wabunge wote waliona, na wakajifunza kuogopa mchujo kuliko mpinzani wa chama kingine. Mwezi wa 1, 2021, wabunge 10 wa Republican walipiga kura kumshtaki Trump juu ya vurugu za kwenye jengo la Congress. Kufika mwaka 2022, 4 hawakusimama tena, 4 walianguka katika mchujo, kati yao Liz Cheney wa Wyoming, binti wa makamu wa rais wa zamani. Waliorudi bungeni ni 2 tu: Dan Newhouse wa Washington na David Valadao wa California. Wote wawili wanatoka majimbo yenye mchujo wa wote pamoja, ambako kura za watu wa nje ya chama zinahesabika. Si dawa ya hakika, maana mwenzao mwingine wa Washington alianguka hata hivyo. Lakini inaonyesha kwamba kanuni ya mlango inaweza kubadilisha nani anaingia.

Mfano wa karibuni unatoka kwa mtoto wa majirani. Zohran Mamdani alizaliwa Kampala mwaka 1991, akahamia New York akiwa mtoto, akapata uraia wa Marekani mwaka 2018. Tarehe 24 mwezi wa 6, 2025, katika mchujo wa Democratic wa meya wa New York, alimshinda Andrew Cuomo, aliyekuwa gavana wa jimbo zima. Cuomo akarudi kama mgombea huru mwezi wa 11, akaanguka tena.

Kwa wenye ndugu huko

Mambo haya yanafika mpaka ndani ya familia. Tangu 2016, katika miaka mingi Kongo ilikuwa nchi ya kwanza kwa hesabu ya wakimbizi waliopokelewa Marekani. Leo Wakongomani, wengi kutoka Kivu na wenye kusema Kiswahili, wanaikaa Texas, Kentucky, Iowa, Maine na kwingine. Hesabu ya wakimbizi wanaopokelewa inawekwa kila mwaka na rais, kisha kuzungumza na Congress, kufuatana na sheria ya 1980. Tarehe 20 mwezi wa 1, 2025, Rais Trump alisimamisha mpango huo, na familia zilizokuwa zimekwisha kupewa tarehe ya ndege zikabaki kambini.

Ndugu aliye huko anapaswa kujua mambo mawili.

La kwanza: katika uchaguzi wa rais, wa seneta na wa mbunge wa taifa, na katika michujo yake, anayepiga kura ni raia peke yake. Mkimbizi si raia. Mwenye karti ya ukaaji wa daima, ile wanaita «green card», si raia. Mkimbizi anaweza kuomba ukaaji huo kisha mwaka 1, na uraia kwa kawaida kisha miaka 5. Hatari iko hasa kwenye biro ya kuomba permi ya kuendesha gari, kwa sababu formu inauliza pia kama mtu anataka kujiandikisha kwa kupiga kura. Asiye raia akiweka alama kwamba ni raia, hata kwa kutoelewa Kiingereza, anaweza kushtakiwa, kukosa uraia, ao kufukuzwa nchini. Dawa ni moja: usiweke alama wala sahihi mahali ambapo hujaelewa, omba mtafsiri.

La pili ni kwa yule aliyekwisha kula kiapo cha uraia. Aulize mapema jimbo lake linafanya mchujo wa aina gani. Texas, atachagua karatasi ya chama siku ile ile. Kentucky, mchujo unafanyika mwezi wa 5, lakini mwenye kutaka kubadilisha chama anapaswa kufanya hivyo mbele ya kuisha kwa tarehe 31 mwezi wa 12 ya mwaka uliotangulia. Anayengoja mpaka propaganda zipambe moto, anakuta mlango umefungwa.

Wabunge wote 435 wanachaguliwa upya kila miaka 2, na kila mara theluthi moja hivi ya maseneta 100. Uchaguzi wa 2026 uliwekwa tarehe 3 mwezi wa 11. Texas na North Carolina waliwekewa mchujo tarehe 3 mwezi wa 3, miezi 8 nzima mbele yake.